Kwa Maganga, Aliyeshuka Mwambani

Maganga,

Mpagazi we, nimekukasirikia. Najua mtani hana ruhusa ya kumkasirikia mtani wake, awe hai au maiti, na kama ungekuwepo ungenicheka mpaka ukae chini. Lakini hupo. Huu ni mwezi wa tatu tangu kiboko akuue kule visiwani Mwanza, nami nimekaa kibarazani kwangu hapa Isevya, Jumapili baada ya adhuhuri. Mke wangu amewapeleka watoto kwa dada yake ili niandike kwa utulivu. Utulivu wenyewe sina. Nimeshachana karatasi mbili.

Nilipoanza kutafuta wa kumkasirikia nilianza na Bwana Kioo, mzungu wetu, nikaja kwa nahodha aliyenyamaza, nikaja hata kwa yule kiboko, mnyama wa watu aliyekuwa anamlinda mwanawe. Kila nikimaliza nakukuta wewe umesimama mwisho wa mstari, na mimi nipo nyuma yako. Kwa hiyo leo naandika yote tangu mwanzo, maana mengine hukuyaona. Ulikuwa umenipa mgongo.

Unakumbuka tulivyojuana? Ulikuwa umerudi kutoka vitani Burma mwezi ule ule, umesimama sokoni Tabora na koti la jeshi kwenye jua kali, unakula muwa kwa mapozi kama liwali. Nikaupokonya mkononi mwako nikauma. Ukaninyanyua kwa ukosi wa kanzu, ukaniuliza, "We kabila gani?" Nikakwambia Mzaramo. Ukaniweka chini taratibu, ukacheka, ukanipa na kipande kilichobaki. "Basi kula, mla nazi. Mwizi ni mwizi tu." Babu zetu waliyamaliza haya zamani njiani, wa kwangu akitoka pwani na msafara, wa kwako, Mnyamwezi mpagazi, akibeba pembe za ndovu kwenda pwani. Walitukanana badala ya kupigana, nasi wakaturithisha matusi yao. Tangu siku ile nikawa napita kwenu Bukene nakamata kuku bila kuomba, mama yako ananifukuza na mchi, ananiita mwizi wa pwani, halafu ananipikia kuku yule yule. Nami namuuliza, "We bibi kizee, hujafa tu?" Watu wanavunjika mbavu. Miaka yote ile hatukuwahi kuambiana neno la maana kwa sura kavu, si mimi na wewe, si mimi na mama yako, na sikuwahi kuona ubaya wake.

Bwana Kioo nilikuletea mimi. Hilo nalo liandikwe. Alishuka Tabora na gari moshi la Dar es Salaam, na masanduku yake ya vioo na mashine za picha, ndipo tukambandika jina hilo, akauliza nani anajua Kingereza, wakanisukuma mbele. Alitaka kwenda Mwanza, kukodi stima ndogo, na kuzunguka visiwani siku nzima na wageni wenzake watano, kutazama ndege na wanyama na kuwapiga picha zile zinazotembea. Akaniuliza kama namjua mtu mwenye macho. Nikajigamba. Nikamwambia namjua mtu anayemwona mnyama kabla mnyama hajajijua kuwa yupo. Nikaja mbio Bukene kukuchukua, nawe ulikuwa unaezeka ghala la mama yako. Ukashuka kutoka juu ya paa ukaacha kazi nusu. Lile ghala bado liko hivyo hivyo, upande mmoja nyasi, upande mmoja miti mitupu. Nililiona wiki hii.

Sasa ile siku. Ukiitoa saa tisa ya mchana na yaliyofuata, ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizowahi kuishi, na jambo hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kueleza. Ningependa iwe ilikuwa siku mbaya tangu asubuhi.

Tuliondoka Mwanza jua linachomoza, maji yametulia, stima inakohoa. Ulikaa mbele kabisa, miguu inaning'inia. Bwana Kioo alikupa darubini, ukaivaa shingoni kama shanga za bi harusi, wala hukuitazamia hata mara moja. Kwenye kisiwa cha kwanza mawe yote yalikuwa meupe kwa mavi ya mnandi, na mnandi wenyewe wamejipanga wamekunjua mbawa zikauke. Wageni wakaanza kuelekeza mashine zao. Wewe ukaninong'oneza, "Waambie wawaache hao, wapo kila siku. Waambie watazame maji chini ya mti ule mkavu." Nikawaambia. Hatujamaliza hata pumzi kumi, furukombe akashuka kutoka kwenye mti, akapiga maji kwa kucha na kupanda na samaki anayefurukuta. Wageni walipiga kelele kama watoto. Yule bibi mnene wa kofia pana, mchora ndege, alitoka kwenye kiti chake cha turubai akaja kukaa sakafuni kando yako, na hakuondoka hapo tena.

Mlikuwa mnazungumza bila mimi, nyie wawili. Alikuwa anachora ndege mwari, wewe unatikisa kichwa na kumwonyesha kwa kidole kwamba mguu unakunjwa hivi, si vile, naye anafuta na kuchora upya. Nikaona wivu, nikakwambia umepata mchumba. Ukanijibu kwamba afadhali yeye ana meno yote kuliko dada zangu wa Kizaramo. Mpishi alicheka akamwaga maziwa.

Kisiwa cha pili kilikuwa na tope na mafunjo. Ukamwambia nahodha azime mashine. Tulikaa pale karibu saa nzima kimya, wazungu sita na weusi wanne, nzi wanatutembelea usoni, na hakuna aliyelalamika kwa sababu wewe ulikuwa umeinua kidole kimoja. Mimi sikuona kitu. Mafunjo yakatikisika, na nzohe dume, yule swala wa majini, akatoka, shingo ndefu, pembe zimejisokota, akaingia majini akaogelea mbele yetu kichwa tu juu. Uliteremsha kidole. Bwana Kioo aliacha mashine yake. Alikugeukia, akakuita kwa jina lako, akalisema sawasawa, Maganga. Siku ile nilimpenda, Mungu anisamehe. Nikasema huyu ni mzungu anayejua thamani ya mtu.

Tuliona fisi maji wawili wakigombea samaki. Tuliona kenge akiiba mayai na mnandi wakimdonoa mkia. Tuliona mamba mchangani kafunua kinywa, nikakwambia shemeji yako yule anapiga miayo ya njaa, ukajibu anangoja nyama laini ya Kizaramo, maana ya kwako ilishakauka Burma. Tulikula wali na samaki kwenye kivuli cha turubai. Mchana mzima hatukuwa na neno baya na mtu.

Halafu tukafika kwenye ule mwamba.

Ulikuwa mwamba mdogo tu, mrefu kama nyumba mbili, mgongo wake umetoka majini kidogo, na nyuma yake matete. Juu yake kulikuwa na viota vya mnandi. Wewe ulimwona kiboko kabla ya wote, pua tu na masikio, na kando yake masikio mengine madogo. Ukasema, "Ana mtoto. Turudi nyuma kidogo." Nahodha Mkerewe, mtu asiyesema sana, alikuwa ameshaanza kurudi nyuma bila kuambiwa. Bwana Kioo akamzuia kwa mkono. Siku nzima alikuwa anataka kiboko aliyefunua kinywa, na sasa jua lilikuwa linaanza kupungua. Akaniambia, "Mwambie ashuke juu ya ule mwamba, agonge debe tupu, mnyama ajitokeze."

Nikakwambia. Ukasema, "Mwambie hapana. Mwenye mtoto hatishwi."

Sikiliza nilichomwambia mimi, Maganga, maana Kingereza hukujua. Nilimwambia, "Anasema labda baadaye kidogo." Niliogopa lile neno. Shuleni walinifundisha kusema ndiyo kwa Kingereza kwa namna sita au saba, lakini kumkatalia mzungu uso kwa uso hakuna mwalimu aliyetufundisha. Basi yeye akasikia kwamba wewe unavuta muda tu. Akatazama saa yake, akasema, "Hakuna baadaye. Mwambie ashuke sasa."

Nikakwambia tena. Ukakunja mikono kifuani. Ulikuwa umesimama vizuri kabisa! Nakuona mpaka leo. Hukuwa unakwenda popote. Ulikwishanisimulia jinsi ulivyomkatalia ofisa Burma alipotaka mvuke mto uliofurika, akakutia kizuizini siku tatu, na mto ukawachukua waliokubali. Hukuwa mtu wa kutishwa na mzungu na saa yake.

Lakini wageni wote walikuwa wananitazama mimi. Bwana Kioo ananitazama mimi, uso umeshaanza kuwa mwekundu. Wewe hukuona aibu, aibu yote niliibeba mimi, nikataka iishe. Basi nikakucheka. Nilisema kwa sauti, nahodha na mpishi wasikie: "Mpagazi mzima, askari wa Burma, anaogopa nguruwe wa maji! Nikamwambie mama yako alizaa binti?"

Nawe ukacheka. Hapo ndipo ninapokukasirikia. Ukacheka! Ukafungua mikono, ukanitukania ukoo wangu wote mpaka babu wa babu, ukavua koti ukanitupia, "Shika, usiliibe," ukachukua debe ukaingia kwenye ile mashua ndogo iliyofungwa nyuma ya stima. Kwa nini ulinisikiliza? Ulikwisha kukataa. Amri mbili za mzungu uliziweka kando kama maganda ya karanga, halafu ukashushwa na mzaha wa Rajabu, mtoto wa Isevya, mtu asiyejua hata kuogelea. Ungenuna mara moja tu katika maisha yako. Ungeniambia, "Rajabu, leo nyamaza." Ungenipiga kofi. Lakini mtani akichokozwa hanuni, anajibu, nawe uliona kujibu ni kushuka.

Kiboko hakutokea mbele, kwenye mashine ya picha. Alitokea ubavuni, kati ya mwamba na matete, akapanda lile jiwe kama mtu anayepanda kitanda. Debe lilisikika mara tatu. Sitaandika mengine. Nahodha alipiga honi, akakuvuta kwa upondo. Tulipokulaza sitahani yule bibi wa ndege alilalia kifua chako kwa mikono yake miwili akijaribu kuzuia damu, kofia imemwanguka, analia kwa lugha yake. Na Bwana Kioo alikuwa bado amesimama nyuma ya mashine yake, inalia tararara kama cherehani. Hakuizima mpaka nahodha alipoiziba kwa kiganja.

Ukafumbua macho ukanitafuta. Nikainama. Ukasema, "Mzaramo. Nguruwe wako ana meno." Ukafa.

Hivyo ndivyo ulivyoniachia! Hata neno moja la kawaida hukunipa. Hukusema mwambie mama, hukusema nitunzie mdogo wangu, hukunilaumu. Ulikufa unanitania, na tangu siku ile nadaiwa jibu na maiti.

Mwanza karani wa serikali aliuliza imekuwaje. Bwana Kioo akajibu kwa Kingereza, nami nikatafsiri: marehemu alishuka mwenyewe, bila kutumwa, kuchukua mayai ya mnandi. Alikatazwa akakaidi. Neno kwa neno nilitafsiri. Nilijiambia kazi ya mkalimani ni kusema yaliyosemwa na wenzake, si ya kwake. Nahodha alikuwa mlangoni. Hakuulizwa, hakusema. Yule bibi wa ndege alikuwa kitandani na homa. Tukakuzika kesho yake kwenye makaburi ya misheni, na mimi nikapanda gari moshi kwenda Bukene na koti lako begani.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika.

Nilifika kwenu nikakuta matanga yameshaanza, habari ilitangulia kwa simu ya reli. Watu wamejaa uani. Mama yako yuko juu ya mkeka kanyolewa, hasemi, hali. Na waliponiona mimi natokea njiani, watu wakapumua. Wakasema mtani amefika. Unajua wanachotaka kwa mtani. Mtani halii matangani. Mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anamtukana marehemu mpaka waliofiwa wacheke, ili waweze kula. Tangu asubuhi walikuwa wananingoja nimfungue mama yako kinywa.

Nikavaa koti lako. Nikatembea kwa mapozi yako yale ya liwali. Nikaketi kwenye kigoda chako nikaagiza pombe. Wakaanza kucheka. Wakaniuliza, "Haya Maganga, umekufaje?" Swali la kawaida la matanga, wanalouliza wakijua mtani atatunga upuuzi wowote. Nami nilikuwa na kweli kifuani inaniunguza, na siku ile si siku yake, na sikuwa na upuuzi mwingine wowote kichwani isipokuwa ule niliotafsiri juzi yake. Basi nikaucheza. Nikawa Maganga mlafi. Nikatambaa uani nikinusa mayai, nikayaweka mifukoni, nikaramba midomo, nikamwambia kiboko ngoja kwanza nimalize la sita. Nikaanguka chali miguu juu, mayai yote bado mifukoni.

Mama yako alicheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yakamfungua, akalia sana, akala. Kila mtu alinisifu. Nikapewa koti kuwa langu, haki ya mtani. Nikarudi Tabora nikilala vibaya, lakini nikajiambia angalau nimemlisha mama.

Kumbe baadaye ofisi ya serikali ilimtuma mtu Bukene kuuliza ukoo kama wana neno lolote juu ya kifo chako. Na ukoo wakajibu hawana neno. Alifuata mayai, walisema. Mtani wake alikuwepo, alituonyesha yote. Wanajua mtani hutunga, lakini karatasi ilipokuja na kusema mayai, na mtani alishasema mayai, wangedhani nini? Ushahidi wa Bwana Kioo ukakamilishwa na mchezo wangu. Wewe uliyewakalisha wazungu kimya kwa kidole kimoja, ukawa mtu aliyekufa kwa tamaa ya mayai. Watoto wa Bukene wanaucheza mchezo ule. Nimewaona kwa macho yangu njiani kutoka stesheni, mmoja kiboko, mmoja Maganga.

Labda ningemeza na hilo. Mimi ni mtu wa kumeza. Lakini wiki iliyopita nilipata barua ya Bwana Kioo. Anarudi. Kinywa cha kiboko hakukipata vizuri, anasema, mwanga ulikuwa mbaya. Ananitaka tena kutafsiri, na mtu wa macho ameshampata kupitia kwa wakala wake Mwanza: mdogo wa marehemu. Shija. Shija wako, aliyeoa juzi tu. Apande gari moshi siku ya Ijumaa.

Alhamisi nilikuwa Bukene.

Nilimkuta Shija anafunga mzigo wake, mama yako anamfungia karanga kwenye kitambaa. Nikasimama katikati ya ua nikasema, "Shija asiende. Maganga hakufuata mayai. Alitumwa, akakataa, akashushwa." Wakacheka. Mama yako akasema, "Mwizi wa pwani amekuja kutuzuia safari! Anataka karanga huyu." Nikasema ninaapa. Wakacheka zaidi, maana mtani huapa uongo kila siku. Nikachukua mzigo wa Shija nikautupa nje ya ua. Shija akacheka akaenda kuuokota. Nikalia, Maganga, nililia kwa kweli, makamasi yananitoka, na mke wa Shija akamwita jirani aje aone jinsi Mzaramo anavyojua kulia. Wakaniletea kigoda na kibuyu cha pombe. Nilikuwa napiga kelele ndani ya nyumba isiyo na mlango. Naweza kusema chochote mbele ya mama yako, chochote duniani, lakini siwezi kuaminiwa.

Nikakasirika. Sijui kama umewahi kuniona nimekasirika. Sikupiga kelele tena. Nilivua koti lako, nilikuwa nimelivaa, nikalikunja sawasawa, mikono ndani, nikaenda mpaka kwenye mkeka wa mama yako nikaliweka mbele yake. Mtani harudishi kitu alichochukua. Halafu nikapiga magoti, mimi niliyekuwa namuuliza hujafa tu, nikasema, "Shikamoo, mama."

Hakuitika. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo, mpaka nikaona uso wake mwenyewe, uso ambao sikuwahi kuuona. Akamwambia mke wa Shija atoe kile kibuyu. Akaniambia, "Sema."

Nikasema yote. Debe, saa ya mzungu, mikono yako kifuani. Nikasema na langu, nguruwe wa maji, binti, kila neno kama nilivyolitamka. Nikasema ulichoniambia sitahani. Shija alikaa chini kwenye mzigo wake. Mama yako hakulia. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo siku ile ya matanga, ulipolala hapo chali miguu juu, ulikuwa unajua?"

Nikasema, "Nilikuwa najua, mama."

"Na mimi nikacheka," akasema.

Hajanisamehe, usidhani. Alisimama, akamnyang'anya Shija mzigo, akauingiza ndani. Shija hakupanda gari moshi Ijumaa, na nimemwandikia Bwana Kioo kwamba hatapata mtu wa nyumba ile wala hatanipata mimi. Hiyo barua niliiandika kwa Kingereza kilichonyooka. Lakini mimi kwenu sasa ni mgeni. Nilipoondoka hakuna aliyenifukuza na mchi. Mke wa Shija alinisindikiza mpaka njiani kwa adabu, akaniita kaka, na nilitamani anitukane.

Jumatano hii Bwana Shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, ana baraza pale Bukene. Mama yako atakwenda. Bwana Shauri anajua Kiswahili, Kinyamwezi hajui, na ana karani wake wa kutafsiri, lakini mama yako amesema karani hamtaki. Ananitaka mimi. Aliniambia kabla sijaondoka, amesimama chini ya lile ghala lako lisilokwisha, na alinitajia neno ambalo ataanza nalo. Akanifanya nilirudie kwa Kiswahili pale pale, aone kama nitalipunguza.

Nimekuandikia nikiwa na hasira na bado ninazo. Na Bwana Kioo ninazo, na wewe kwa kile kicheko ninazo, na nadhani nitakufa nazo. Pumzika huko uliko, Maganga, mtu wa macho, mwana wa Nyamizi aliyekuzaa. Sikuagi kwa utani, maana mama yako amenivua utani wangu. Nakuachia ahadi badala yake. Jumatano mama yako akishatamka neno lake la kwanza kwa Kinyamwezi, na Bwana Shauri akinigeukia mimi, sitatazama chini. Nitasema kwa sauti, baraza lote lisikie: "Mama huyu anasema mwanawe alimkatalia mzungu mara mbili. Anasema aliyemshusha ni mimi."

Rajabu
Isevya, Tabora